Mungu Alituchagua au Alituchukia? Maneno Yangu kwa Waandishi kuhusu ĩ, ũ na ng'

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita mjini Embu, mbele ya waandishi, wahariri, walimu na wachapaji. Wengi walizuiwa na mvua, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha kando.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana wa kompyuta mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: hamjambo?

Nimeambiwa niseme kwa Kiswahili, na ni sawa. Humu kuna Mkikuyu, Mkamba, Mmeru, Mwembu, na mgeni wetu aliyetoka Kampala. Kila mmoja akishika lugha yake tutalala hapa. Lakini ninayoyaleta yanahusu hizo lugha tulizoziacha mlangoni pamoja na miavuli.

Mimi si mwandishi. Kazi yangu ni kupanga kurasa. Vitabu vyenu vinapita mikononi mwangu, lakini kinachonilisha ni vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na fulana za kwaya. Miaka thelathini sasa. Na nataka kuanza na fulana.

Kwaya moja iliniletea kazi ya fulana 60. Mgongoni walitaka maneno mawili ya Kikuyu: Mungu alituchagua. Kikaratasi walichonipa kiliandikwa kwa haraka, bila alama hata moja: Ngai niatuthuurire. Kijana aliyekuwa akinisaidia, amezaliwa mjini, amekulia mjini, akakitazama akasema, "Hii ni Kikuyu, na Kikuyu kina vile viwimbi." Akaviweka. Kila u aliyoiona, akaivisha. Fulana zikatoka zimeandikwa Ngai nĩatũthũũrire.

Wanaosoma Kikuyu nawaona wanacheka tayari. Wengine ngojeni niwafungulie. Gũthuura ni kuchagua. Gũthũũra ni kuchukia. Watu 60 wameingia kanisani kwa maandamano, wameinua mikono, na mgongoni mwao imeandikwa kwamba Mungu alituchukia. Mbele hakuna aliyejua, kwa sababu maandishi yalikuwa nyuma. Walioona ni akina nyanya wa viti vya mwisho, na nyanya wa viti vya mwisho, ndugu zangu, husoma kila kitu.

Sasa niwaulize. Aliyekosea ni nani? Ni kijana wangu aliyemwaga viwimbi kama chumvi? Au ni yule katibu wa kwaya aliyeviacha vyote, akiamini msomaji ataelewa? Mimi nasema kosa lilianza na katibu. Alivyoandika yeye, bila alama, neno lile lingeweza kuwa kuchagua na lingeweza kuwa kuchukia. Kijana alibahatisha tu, akabahatisha vibaya.

Mwalimu mmoja aliniambia, "Lakini hizo ni alama tu juu ya herufi." Alama tu! Mwalimu, chukua R. Kata ule mguu wake wa mbele. Umebaki na P. Mbona hatusemi mguu wa R ni pambo? Mbona hakuna anayeandika "Pafiki yangu" akitegemea msomaji ataelewa? Kikuyu kina irabu saba. Alfabeti ya Kilatini ilitupa herufi tano za irabu. Mbili zilibaki bila nyumba: ile sauti iliyo kati ya i na e, na ile iliyo kati ya u na o. Zikajengewa nyumba, ĩ na ũ. Kikamba kinazo. Kimeru kinazo. Kiembu, ambacho tuko kwake leo, kinazo. ĩ ni herufi nzima, ina jina na ina sauti. Hiyo i ya kawaida ni jirani yake, wala si mama yake.

Haya. Kama ni herufi, kwa nini hatuziandiki?

Hapa wengi hujibu haraka: mashine. Na kwa muda mrefu jibu hilo lilikuwa kweli. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa na mashine ya taipu isiyo na ĩ wala ũ. Alikuwa anapiga ukurasa mzima, anautoa, anaulaza mezani, anachukua kalamu, anarudi mstari kwa mstari akichora viwimbi kwa mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama mtu anayechambua mchele. Na akiruka kimoja, alijua. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiache. Akanijibu kwamba mwenye barua atakayeipokea hana kosa lolote.

Kisha kompyuta zikaja, tukadhani tumeokoka. Mwaka 1987 ulitolewa mpangilio wa herufi unaoitwa 8859-1, na ndio uliotawala kompyuta za Ulaya Magharibi. Sisi tukaurithi pamoja na mashine zenyewe. Ulikuwa na nafasi 256, basi. Na wimbi limo ndani! Kuna ã na õ za Kireno, kuna ñ ya Kihispania. ĩ hamna. ũ hamna. Cha kuchekesha ni kwamba katika mfululizo huohuo kulikuwa na mpangilio mwingine, wa nchi za kaskazini kabisa, na humo ĩ na ũ zimo, kwa sababu tahajia ya zamani ya Greenland ilizitumia. Yaani herufi za Mlima Kenya zilikuwa zimehifadhiwa kwenye barafu.

Tukafanya nini? Tukafanya uhuni. Nasema tukafanya, kwa sababu nilikuwemo. Tulitengeneza fonti zetu. Mahali pa mabano ya mraba, lile la kufungua tukalichora ĩ, lile la kufunga tukalichora ũ. Unabonyeza bano, kwenye skrini unaona herufi yako. Karatasini inatoka safi kabisa. Lakini ndani ya faili, Gĩkũyũ ilikuwa imeandikwa hivi: G[k]y]. Mnaona? Ilikuwa ni barakoa. Fonti ikiwepo, uso mzuri. Fonti ikiondoka, mabano.

Na fonti iliondoka. Kompyuta ya zamani ikafa, nikafungua kitabu kizima cha hadithi kwenye mpya, kikafunguka kikiwa kama uzio wa ng'ombe. Mtasema, badilisha mabano yote kwa amri moja. Mwandishi yule alikuwa na mabano yake halisi, mengi, ya maelezo. Amri moja ingegeuza kila maelezo yake kuwa ĩ na ũ. Nilikaa na kitabu hicho miezi miwili.

Sasa nisikilizeni vizuri, vijana wa mlangoni. Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Yunikodi, ule mpango wa kuipa kila herufi ya dunia nambari yake moja isiyogongana na ya mwingine. ĩ ilipewa 0129. ũ ilipewa 0169. Mwaka 1991! Zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Simu iliyo mfukoni mwako inazijua. Kompyuta ya mtoto wa shule inazijua. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba mashine haina, namuuliza mashine hiyo aliinunua lini.

Lakini ngojeni, sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Kuna mitego, na mmoja ulininasa usiku, siku isiyostahili makosa.

Mama mmoja alifariki. Nitamwita Mũmbi, maana jina lake ni la familia. Kijitabu cha mazishi kiliandikwa na mjukuu wake, kikafika kwangu saa tano usiku. Nakala 400. Mwili unatoka mochari saa mbili asubuhi. Nikafungua faili kwa programu ya zamani niliyoizoea, nikapanga, nikachapa, nikiwa na usingizi. Alfajiri binti wa marehemu akaja kuchukua. Akashika nakala ya juu, akanyamaza. Akaniuliza, "Hii C iliyo ndani ya duara ni ya nini?" Nikatazama jalada. Jina la mama lilikuwa limesomeka MÅ©mbi. Nyimbo zote ndani vivyo hivyo, kila ĩ imekuwa Ä©, kila ũ imekuwa Å©. Binti akasema, "Kwa hiyo mama amewekewa hakimiliki." Akacheka, kisha hakucheka tena.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi nambari. Faili la mjukuu liliandikwa kwa utaratibu wa siku hizi, unaoitwa UTF-8, ambao ndani yake ũ inachukua baiti mbili, yaani nambari ndogo mbili. Programu yangu ya zamani ilidhani kila baiti ni herufi moja kamili. Baiti ya kwanza ikaisoma Å, ya pili ikaisoma ©. Hakuna kilichopotea. Ilikuwa ni namna ya kusoma tu. Ningemwambia programu "soma kama UTF-8," jina lingerudi lenyewe. Kwa hiyo ukiona Ä© na Å© zimetapakaa kwenye maandishi ya Kikuyu au Kikamba, usianze kufuta na kuandika upya. Fungua tena kwa utaratibu sahihi. Na usiandike juu yake na kuhifadhi, hapo ndipo utakapoharibu kweli.

Nilichapa tena kurasa zile za nje, za ndani hazikuwahi. Watu waliimba kwa kichwa.

Mtego wa pili ni wa siri zaidi, na huu wahariri mtaupenda. Tulikuwa tunatengeneza faharasa ya kitabu cha methali. Wachapaji wawili, kompyuta mbili. Faharasa ikatoka na neno mũndũ mara mbili. Yako mfululizo, yanafanana kama pacha, moja lina kurasa zake na la pili lina zake. Nikadhani nimeona vibaya. Nikatafuta mũndũ, ikanipata nusu tu ya kitabu.

Sababu ni kwamba ũ inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza, herufi moja iliyokamilika, ile 0169. Ya pili, u ya kawaida ikifuatiwa na wimbi lililo peke yake, nambari 0303, ambalo linaruka na kutua juu ya herufi iliyotangulia. Macho hayaoni tofauti. Mashine inaona. Gĩkũyũ kwa njia ya kwanza ni herufi 6. Kwa njia ya pili ni 9. Ukiitafuta moja, programu isiyo makini haitakupa nyingine. Kuna fonti ambazo zinakusaliti hapa: wimbi linakaa pembeni, au linapanda juu ya nukta ya i, na i yetu ikivaa wimbi huvua nukta. Mkiona nukta na wimbi pamoja, mjue fonti hiyo haijafundishwa kazi yetu.

Dawa ipo. Programu nyingi zina amri ya kuunganisha vipande viwe herufi moja. Mafundi wanaiita NFC. Pitisha kitabu chako kwenye hiyo kabla ya kunipa. Tafadhali. Nawaomba kama mtu anayewapikia chai. Na tushukuru, maana sisi tuna njia ya kwanza. Ndugu zetu wa Paraguay wanaoandika Kiguarani wana ĩ na ũ kama sisi, lakini pia wana g yenye wimbi, g̃, na hiyo haikupewa nambari yake. Wao lazima waiunge kwa vipande kila siku.

Nasikia mtu wa Kiswahili pale anapumua kwa raha. "Sisi lugha yetu haina mambo hayo." Haina? Mwalimu, ng'ombe unaiandikaje?

Ile ritifaa katika ng' inafanya kazi ya herufi. Ngoa na ng'oa si neno moja. Anayelia ngoa ana wivu. Anayeng'oa ana jembe. Na ritifaa yenu nimeikuta imeandikwa kwa kila kitu duniani. Imenyooka, '. Imepinda, ’. Imepinda kinyume, ‘. Kuna wanaochukua ile alama iliyolala kwenye kona ya juu kushoto ya kibodi, `, wakaweka hiyo. Kwenye kurasa kumi za mwandishi mmoja nimezikuta zote nne. Halafu anashangaa akitafuta ng'ambo haioni.

Ushauri wangu ni mfupi: kitabuni tumia iliyopinda kuelekea kushoto, ’, kama kwenye tisa ndogo. Kwenye orodha za majina na fomu, tumia iliyonyooka. Usichanganye.

Fomu! Mpwa wangu anaitwa Ng'ang'a. Alipokwenda kujisajili mahali fulani, sitataja, kompyuta ikamwambia jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Jina la babu yake! Leo ana hati moja ya NGANGA, ya pili ya NG'ANG'A, na ya tatu ya NG ANG A, kama watu watatu wanaogombea shamba moja. Vijana wa kompyuta, najua kwa nini. Lugha ya hifadhidata inatumia hiyohiyo alama iliyonyooka kufunga maneno, na jina lenye ritifaa linaweza kuikata amri katikati. Lakini dawa yake inafundishwa mwaka wa kwanza. Kumkataza mtu jina lake kwa sababu hutaki kuandika mstari mmoja wa ziada ni uvivu, nawaambieni mbele ya wazazi wenu.

Kuna mahali ambapo kuondoa ni sheria, niseme ukweli. Ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa pasipoti, inayosomwa na mashine uwanja wa ndege, inaruhusu A mpaka Z, tarakimu, na alama moja ya kujazia. Humo Ũ inakuwa U na ritifaa inadondoshwa. Sawa. Mashine ya mpakani ina haki yake. Lakini mistari hiyo ni miwili. Ukurasa uliobaki, na dunia iliyobaki, mbona nazo tunaziandika kama pasipoti?

Mama mmoja aliniuliza wakati wa chai kuhusu meseji. Mama, umenishika. Meseji ya kawaida ya simu inabeba herufi 160, lakini kwa alfabeti yake ndogo. Alfabeti hiyo ina ñ, ina Ø ya Denmark, ina hata Σ ya Kigiriki. Yetu haimo. Ukiweka ũ moja tu, moja, meseji nzima inahamia mfumo mpana na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Tangazo la chama la herufi 150, lililokuwa meseji moja, linakuwa tatu. Ukiwatumia wanachama 300, hizo ni meseji 900. Kwa hiyo mweka hazina anayeandika "Guku" bila wimbi simlaumu, anahesabu pesa za watu. Mimi mwenyewe huzitoa kwenye meseji za matangazo. Ila kwenye WhatsApp, je? Huko hakuna anayehesabu herufi. Huko kisingizio ni kidole tu.

Mgeni wetu wa Kampala, nisikusahau. Luganda ina ŋ, herufi moja kwa sauti ambayo sisi tunaiandika kwa alama tatu, ng'. Nakuonea wivu. Lakini angalia fonti zako, maana ŋ kubwa ina sura mbili: Afrika tunaitaka kama n ndogo iliyokuzwa, na fonti nyingi zinaleta ile ya Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, N kubwa yenye mkia. Zote zina nambari ileile, kwa hiyo ni fonti ya kubadilisha, si herufi.

Sasa kuandika. Katika Word, andika 0129 kisha shika Alt na X: utapata ĩ. 0169 itakupa ũ. Lakini kuna shimo hapa, niliangukia mwenyewe nikiandika Wambũi. Kompyuta inasoma nambari hizi kwa mfumo ambao a, b, c, d, e na f nazo ni tarakimu. Ukiandika Wamb0169, itachukua na ile b, na utapata kisanduku kitupu. Basi chagua zile tarakimu nne kwanza kwa kipanya, ndipo ubonyeze. Kwa Mac kuna kibodi ya ABC Extended: Option na N, kisha irabu yako. Kwenye simu, angalia orodha ya lugha za kibodi kwanza, kabla hujasema haipo. Nilijaribu hata kibodi ya Kivietinamu, maana wao wana ĩ na ũ, unaandika i kisha x, nayo ĩ inakuja. Ikaniandikia vizuri mpaka nilipofika Gĩkũyũ. Kivietinamu silabi moja hubeba toni moja. Kibodi ilipoona mawimbi matatu kwenye neno moja ikachanganyikiwa kabisa, maskini.

Haya, toeni simu. Ndiyo, sasa hivi. Kila mmoja aandike jina lake lote, na jina la mama yake, kama linavyotamkwa nyumbani. Mzee wa kofia, nakuona, usimpe mjukuu akuandikie. Mama wa mstari wa pili amekwisha maliza, anauliza Ĩ kubwa iko wapi. Mama, ni 0128. Mimi napita katikati ya viti. Nikikuta Wambui asiye na wimbi, nitamuuliza ni mgeni wa nani.